Tochi ya mfukoni: tuchague ipi kwa wanaorudi kijijini?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Kisangani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tumefupisha kidogo tu.)



Kamati imeniomba niseme juu ya tochi. Nimeona wengine wanacheka: huyu amesoma chuo kikuu, leo anakuja kutufundisha tochi? Chekeni tu. Lakini mkutano huu uko na pesa za kuamua. Jamaa zinazovuka mto kurudi Lubunga na vijiji vya nyuma yake, zile zilizokimbia fujo za ardhi tangu mwaka 2023, zinapewa vifaa vya kuanzia: sufuria, jembe, panga, sabuni, kikwembe, na tochi. Angalieni karatasi ya vifaa. Sufuria imeandikwa ni ya lita ngapi. Jembe limeandikwa ni la namna gani. Mstari wa mwisho umeandikwa: "tochi, 1". Basi. Leo naomba tuujaze huo mstari.

Neno langu ni fupi. Tusichague tochi kwa ukali wa mwanga wake. Tuiulize maswali mawili: itawaka usiku ngapi mbele ya kuomba betri, na itakaa mfukoni mwa nani?

Usiku wetu una urefu gani

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta. Kule Ulaya kuko majira ambapo usiku ni mfupi sana. Kwetu usiku ni karibu saa 12, Januari mpaka Desemba. Maana yake nusu ya maisha yetu iko gizani. Mjini tuko na kituo cha umeme pale kwenye maporomoko ya mto Tshopo, lakini munajua wenyewe namna umeme wa SNEL unakuja na namna unaenda. Na ukifuata njia ya Opala, ao reli ya zamani ya kwenda Ubundu, vijiji vingi havijaona waya.

Katika hizo saa 12 watu wanafanya nini? Mama anapeleka mtoto chooni. Mvua inapasua nyasi za paa, lazima mtu aone maji yanaingilia wapi. Mtoto anashikwa na homa, anabebwa mpaka kituo cha afya. Mimba inafika siku yake, na mara nyingi inachagua usiku. Mtumbwi unachelewa, watu wanashuka kwenye matope bila kuona mguu unakanyaga nini.

Halafu kuko nyoka. Nyumba ikikaa miaka bila watu, msitu unarudi mpaka mlangoni. Panya wanaingia, na nyuma ya panya anaingia nyoka. Yule moma wa msituni hakimbii akisikia mtu anakuja. Analala kimya juu ya majani makavu, na rangi yake ni ya majani makavu. Kumwona njo kinga ya kwanza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Dawa ya sumu hiyo ni ghali, na haipatikani kila kituo. Tochi na boti vinaweza kuzuia kitu ambacho kituo chetu cha afya hakiwezi kutibu.

Mutaniambia: simu iko na tochi. Kweli. Lakini simu ni ya kuita mtu wa moto aje kubeba mgonjwa. Ukimaliza betri yake ukitafuta njia ya chooni, utamwita nani? Na simu ikianguka ndani ya maji, umepoteza taa, namba za watu, na pesa zako za simu kwa mara moja. Tuache simu ibaki simu.

Yale yameandikwa kwenye boksi

Siku hizi tochi zote ndogo ni za LED. Ni kitu kizuri: LED inakula umeme kidogo sana kuliko ile ampuli ya zamani yenye waya mwembamba, na haikatiki ukiangusha tochi. Wajapani wawili, Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura aliyezaliwa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kutengeneza LED ya rangi ya bluu, ambayo njo mama wa huu mwanga mweupe. Basi tochi ikikufa, mara nyingi LED yenyewe ingali nzima. Kilichokufa ni swichi, ni waya, ao ni betri. Huko njo tuangalie.

Kwenye boksi utaona namba na neno lumeni. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka. Kuko tochi ndogo sokoni zenye zimeandikwa lumeni 5000. Tufanye hesabu. LED nzuri inatoa lumeni 100 mpaka 150 kwa kila wati. Lumeni 5000 zinaomba zaidi ya wati 30. Betri moja ya mfukoni, hata iwe nzuri namna gani, inabeba kama wati-saa 12. Ingekwisha kwa dakika zisizofika 25, na tochi ingekuchoma mkono. Kwa hiyo ile namba ni ya kuuzia tu.

Mtu anaomba lumeni ngapi? Kuamka na kutafuta dawa ndani ya nyumba, lumeni 5 zinatosha. Kutembea kwenye njia ya kijiji, 20 mpaka 50. Kuangalia ng'ambo ya kijito ao kutafuta mbuzi aliyekata kamba, 100 ao zaidi, kwa dakika chache. Tena macho yetu yanaomba karibu nusu saa kuzoea giza vizuri. Ukiwasha mwanga mkali usoni mwako, unapozima uko kipofu kwa muda. Mwanga mdogo unakuonyesha njia na unakuachia macho yako.

Kwa hiyo sharti la kwanza: tochi iwe na ngazi mbili, mwanga wa chini na mwanga wa juu, na ianze na ule wa chini. Tochi yenye ngazi moja tu, ile kali, inakula betri ya wiki kwa usiku mbili. Na ile ya kupepesa-pepesa kama gari la polisi, hatuiombi.

Kuko namba nyingine: saa za kuwaka. Watengenezaji wenye kufuata kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL1, iliyotolewa mwaka 2009, wanahesabu saa mpaka mwanga ubakie asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Boksi likisema saa 40, haisemi saa 40 za mwanga mzima. Na boksi lenye halifuati kanuni yoyote linaweza kusema kile linataka.

Tochi za namna nne

Namna ya kwanza ni ile ya plastiki yenye meno ya kuchomeka kwenye ukuta. Ndani yake mara nyingi kuko betri ndogo ya risasi, ndugu ya betri ya gari. Betri ya namna hiyo haipendi kukaa tupu. Ukiiacha wiki kadhaa bila kuchaji, inaharibika na hairudi tena. Mjini inaweza kufaa. Kumpa mtu anayekwenda kijiji kisicho na umeme ni kumpa kitu cha kutupa.

Namna ya pili ni ya betri ya litiamu, inachajiwa kwa waya wa simu. Ni nzuri kwa yule mwenye paneli ya jua, ao jirani yake anachajia watu. Lakini muulize muuzaji: betri inatoka? Ikiwa imefungiwa ndani, siku betri inachoka tochi yote imekufa. Ikiwa inatoka, uangalie maandishi. Ile betri nene kama kidole gumba, inaitwa 18650, zilizo nyingi zenye kweli zinaishia kama mAh 3500. Ukiona imeandikwa 9900, ni uongo. Uishike mkononi pia: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Nyepesi sana, ujue ndani hakuna kitu.

Namna ya tatu iko na kipaneli cha jua mgongoni mwake. Wafadhili wanaipenda, na mimi ninaelewa kwa nini: inaonekana kwamba jua litafanya kazi yote bure. Lakini kipaneli cha ukubwa wa kiberiti kinatoa kama sehemu 2 za 10 za wati. Kwa saa 5 za jua kali unapata wati-saa 1. Betri ya wati-saa 7 inaomba wiki nzima ya jua, na hapa Tshopo mawingu yetu munayajua. Paneli kubwa ya nyumba, ndiyo, tuiunge mkono. Kipaneli cha mgongoni ni pambo.

Namna ya nne ni ya mapile madogo ya kawaida, yale ya R6, moja ao mawili. Mutasema ni ya kizamani. Lakini yale mapile unayakuta kwa kila ligablo, mpaka mwisho wa njia. Hayaombi umeme, hayaombi paneli, hayaombi mtu wa kurekebisha. Tena tochi yake inaweza kuwa ndogo kama kidole, ikaingia kweli mfukoni.

Ubaya wake ni gharama ya kununua kila mara. Hapo ngazi ya chini inasaidia. Jamaa yenye inabadilisha mapile mawili kila wiki inanunua 104 kwa mwaka. Mwanga wa chini ukiwafikisha wiki mbili, wananunua 52. Nusu ya pesa imebaki nyumbani. Kwa mwenye tochi kali isiyo na ngazi ya chini, hiyo nusu inakwenda dukani kila mwaka, hata kama tochi yenyewe alipewa bure.

Kwa hiyo maoni yangu: anayerudi kijiji kisicho na umeme, apewe ya mapile R6. Anayebaki mjini, ao mwenye paneli kubwa, apewe ya litiamu yenye betri inatoka. Tusinunue namna moja kwa wote kwa sababu tu karatasi ni rahisi kuandika.

Kupima mbele ya kulipa

Mwaka 2010 mradi wa utafiti uitwao Lumina ulitoa ripoti juu ya tochi za LED za bei ndogo huko Kenya. Waliuliza watumiaji 46, juu ya muda wa miezi 6. Karibu 9 kati ya 10 walipata matatizo na tochi zao katika miezi hiyo. Watu wa kule si wajinga, na wa hapa pia. Tochi mbovu na tochi nzuri zinafanana sana kwenye meza ya soko. Ubaya wa pili ni huu: mtu akidanganywa mara mbili, hata nzuri ikija hataiamini tena.

Basi tupime. Ukiwa sokoni, fanya hivi:

Washa na uzime mara 20, haraka. Swichi ikisita hata mara moja, rudisha.

Iwashe, uipige-pige kwenye kiganja. Mwanga ukitikisika, ndani kuna waya uliolegea.

Ifungue. Angalia kama springi ni imara, na kama pale kwenye kifuniko kuko kipete cha mpira. Bila kile kipete mvua itaingia. Kwenye boksi, alama ya IPX4 maana yake inavumilia maji ya kurushwa. IPX7 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwa watu wanaovuka mto kwa mtumbwi, IPX7 si anasa.

Mulika udongo na majani, usimulike ukuta mweupe. Mwanga wenye bluu nyingi unafanya mizizi, majani na nyoka kufanana. Chagua ule wenye umanjano kidogo. Tena uangalie kama mwanga unaenea mbele ya miguu yako, ao unafanya kidoa kimoja tu kule mbali.

La mwisho: mwambie muuzaji aiache inawaka ukizunguka kununua vitu vyako vingine. Rudi nyuma ya saa moja. Muuzaji anayekataa kipimo hiki amekupa jibu.

Mfuko wa nani?

Hapa njo nataka tukae kidogo, na wafadhili pia wasikie. Tunasema "tochi ya mfukoni". Lakini mama amevaa kikwembe. Mfuko wake uko wapi? Anafunga pesa kwenye ncha ya kikwembe, na tochi nzito haikai pale. Kwa hiyo tochi iwe nyepesi, na mkiani iwe na tundu la kupitisha kamba, aivae shingoni. Ni tundu tu, lakini bila lile tundu tochi inabaki juu ya meza.

Tena tunapotoa tochi 1 kwa jamaa, tunajua inaishia wapi. Inakwenda na baba, ao na kijana mkubwa, kwa uvuvi, kwa kinywaji, kwa ulinzi. Siwalaumu wababa, kazi zao za usiku ni za kweli. Lakini anayeamka mara tatu kwa usiku na mtoto ni mama, na anatoka gizani. Bibi anayekwenda chooni akishika ukuta, naye pia. Wakati nikipita nyumba kwa nyumba, ninauliza: tochi iko wapi sasa hivi? Mara nyingi jibu ni: imetoka na mzee.

Ninajua pesa ni kidogo. Lakini tochi mbili ndogo za mapile zinaweza kugharimu sawa na taa moja kubwa yenye kipaneli. Kwangu mimi, bora mianga miwili midogo katika mikono miwili. Na ya pili iandikwe kwa jina la mama, atie sahihi yeye mwenyewe.

Namna ya kuitumia na kuitunza

Usimulike askari usoni. Mukikuta kizuizi usiku, shusha mwanga chini, kwenye miguu yako, na mkono uonekane. Mwanga mkali machoni unaogopesha mtu mwenye bunduki, na mtu mwenye woga ni hatari. Hii pia ni sababu ya kukataa tochi zinazofanana na vitu vya kijeshi.

Ukitembea, mulika hatua mbili tatu mbele yako, chini. Mtu akiumwa na nyoka: asikatwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza. Mguu usitikisike, abebwe mara moja mpaka kituo cha afya.

Musichanganye pile la zamani na jipya. Tochi ikikaa bila kazi, toeni mapile, kwa sababu yale ya bei ndogo yanavuja na yanakula springi. Betri ya litiamu isikae mfuko mmoja na funguo ao sarafu. Vikigusana inaweza kuwaka moto. Na mapile yaliyokwisha tusiyatupe chooni, wala mtoni, wala ndani ya moto. Kila kijiji kiweke kopo moja lenye kifuniko, watu wetu wakipita watayarudisha mjini.

Tuandike nini kwenye ule mstari

Ninaleta pendekezo hili mbele yenu, muliongeze ao mulikatae:

Kwanza, badala ya "tochi, 1", iandikwe: "tochi ndogo za LED, 2, ngazi mbili za mwanga, inaanza na ya chini, IPX7, tundu la kamba, mapile R6 kwa vijiji bila umeme, pamoja na mapile ya miezi mitatu."

Pili, mbele ya kununua nyingi, tununue 5 za kila namna. Wanachama 5 wazitumie mwezi mzima kwa kazi zao za kila usiku, walete jibu hapa. Ninaomba angalau watatu wawe wamama.

Tatu, nyuma ya ile miezi mitatu, mapile yatatoka wapi? Hapo chama hakiwezi kubeba kila mtu kila siku. Likelemba mulizo nazo zinaweza kununua kwa katoni na kugawana kwa bei ya katoni. Vikundi viwili vimeniambia viko tayari kujaribu. Katibu aandike na vingine.

Kwa ndugu wafadhili: munapenda kupiga picha ya taa kubwa, na picha inatoka nzuri kweli. Tochi ya ukubwa wa kidole haionekani kwenye picha. Ninawaomba mutuulize baada ya miezi 6 ni ngapi bado zinawaka, na ziko shingoni mwa nani. Tutawapa hesabu hiyo, hata ikiwa haitupendezi.

Mimi nimemaliza. Maswali yaje, na mwenye tochi yake mfukoni ailete hapa mbele, tuifungue pamoja tuone ndani kuna nini.